Hoki ya Vyuo na Wino wa Magazeti

Katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, Chuo Kikuu cha Cornell kina jumba la barafu liitwalo Lynah Rink, lililofunguliwa mwaka 1957. Jioni ya mchezo, majina ya wachezaji wageni yanapotangazwa, wanafunzi waliojaa katika jumba hilo hufanya jambo la ajabu. Kila mmoja hufunua gazeti, akaliinua mbele ya uso wake, akajifanya anasoma kwa makini, kana kwamba hapana mtu aliyeingia uwanjani. Wageni wakiisha kutajwa wote, magazeti hukunjwakunjwa yakawa madonge, yakarushwa. Ndipo shangwe huanza kwa ajili ya wenyeji. Kwa miaka mingi gazeti lililotumika katika desturi hiyo lilikuwa Cornell Daily Sun, gazeti la wanafunzi lililoanzishwa mwaka 1880.

Mzaha huu una maana kubwa kuliko waufanyao wanavyodhani. Katika adhabu zote ambazo mtu aweza kumpa mgeni, vijana hawa wamechagua ile ya kutomtazama. Wameichagua kwa sababu wanaijua. Kwa zaidi ya miaka mia, washabiki wa hoki ya barafu ya vyuo vikuu vya Marekani wamelalamika kwamba magazeti, na baadaye redio na televisheni, huwafanyia wao jambo hilohilo: dunia imeinua gazeti mbele ya uso wake, inasoma habari za wengine. Tena wameshindana wao kwa wao juu ya mwandishi gani anaipendelea timu gani, na mji gani unatajwa kupita haki yake. Insha hii yataka kueleza asili ya ugomvi huo, mwendo wake, na malipo yaliyopatikana siku ombi la washabiki lilipokubaliwa.

Yafaa kwanza kuutambulisha mchezo wenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo neno hoki hufikiri mpira wa magongo uchezwao juu ya majani, mchezo ambao Kenya iliupeleka katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1956. Hoki ya barafu ni ndugu wa mchezo huo. Yana magongo na malango mawili yote, lakini katika hoki ya barafu kila upande huwa na wachezaji sita uwanjani pamoja na mlinda lango, nao huteleza kwa viatu vyenye vyuma vikali chini, wakipiga kisahani kizito cha mpira mweusi badala ya tufe. Mchezo wa kwanza wa ndani ya jumba uliokuwa na taratibu ulichezwa Montreal, Kanada, mwaka 1875. Kutoka huko hoki ilishuka kusini ikaingia katika vyuo vya Marekani katika miaka ya 1890.

Hata mwanzo wake ni jambo la kubishaniwa. Mwaka 1896 timu za Yale na Johns Hopkins zilikutana mjini Baltimore, zikatoka sare mabao 2 kwa 2. Mwaka 1898 Brown iliifunga Harvard mabao 6 kwa 0 mjini Boston. Kwa muda mrefu walikuwapo waliouhesabu mchezo huu wa pili kuwa ndio wa kwanza baina ya vyuo, na wengine wakashikilia ule wa Baltimore. Wachezaji wa siku hizo wamekwisha kufa wote, barafu yao iliyeyuka, na magongo yao yalioza. Atakaye kuamua hana budi kurudi katika kurasa zilizopigwa chapa zamani zile. Wahenga wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilisemwa kwa ajili ya wafanya biashara, lakini yaufaa ushindi vilevile. Bao lisiloandikwa lina maisha ya siku moja.

Magazeti yalipoanza kuuona mchezo huu, hayakuona timu. Yaliona mtu mmoja. Hobart Baker, aliyejulikana kwa jina la Hobey, alizaliwa mwaka 1892 akasoma Princeton mpaka mwaka 1914. Alikuwa hodari katika hoki na katika mpira wa Kimarekani, mzuri wa sura, mpole wa tabia, na mwepesi kupita wenzake. Waandishi wa New York walimpenda kama washairi wapendavyo mwezi. Yeye mwenyewe alichukia sifa hizo, akaona haya jina lake lilipotangulizwa mbele ya majina ya wenzake. Alikwenda vitani Ufaransa akiwa rubani, na baada ya vita kwisha, katika Desemba 1918, ndege aliyokuwa akiijaribu ilianguka akafa. Tangu mwaka 1981 tuzo ya mchezaji bora wa hoki ya vyuo hutolewa kwa jina lake, na wa kwanza kuipokea alikuwa Neal Broten wa Minnesota.

Katika habari ya Baker mna mbegu ya malalamiko yote yaliyofuata. Gazeti lina nafasi ndogo na wasomaji wasio na subira. Basi huchagua uso mmoja na kuufanya alama ya jambo zima. Wale wengine waliompasia Baker kisahani hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikosa tu bahati ya kuchaguliwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tufundishwavyo. Lakini mshabiki wa hoki angeweza kujibu kuwa kizuri hakiwezi kujiuza mahali pasipopita mnunuzi.

Ugomvi ulipanuka mwaka 1948, mashindano ya kitaifa ya vyuo yalipoanzishwa. Timu nne ziliitwa Colorado Springs, chini ya milima ya Rocky: Michigan na Colorado College kutoka magharibi, Dartmouth na Boston College kutoka mashariki. Michigan ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Dartmouth mabao 8 kwa 4. Kwa miaka kumi ya kwanza mashindano yalifanyika palepale, na kila mwaka kamati ilichagua timu mbili za mashariki na mbili za magharibi.

Fikiri hali ilivyokuwa. Hapakuwa na televisheni ya kuonyesha michezo hiyo nchi nzima. Mtu wa Boston hakupata kuiona timu ya Michigan, na mtu wa Michigan alizijua timu za Boston kwa mistari mitatu ya telegramu iliyonakiliwa gazetini. Wasomaji wengi na magazeti makubwa walikuwa mashariki, lakini vikombe vilikuwa magharibi: katika miaka ile kumi mashariki ilishinda mara mbili tu, Boston College mwaka 1949 na Rensselaer mwaka 1954. Michigan peke yake, chini ya mwalimu wake Vic Heyliger, ilishinda mara sita. Basi kukazuka maneno ambayo hayajakoma mpaka leo. Watu wa magharibi walisema kuwa waandishi wa mashariki huandika wanachokiona dirishani mwao na kukiita dunia. Watu wa mashariki walijibu kuwa ushindi wa magharibi ulinunuliwa kwa wachezaji wakubwa wa umri kutoka Kanada.

Jibu hilo halikuwa tusi tupu, na hata magharibi kwenyewe lilikuwa na mashahidi. John Mariucci, mwalimu wa timu ya Minnesota, alipinga hadharani desturi ya kuleta Wakanada waliokwisha kukomaa katika ligi za kwao ili washindane na vijana wa Kimarekani waliotoka shule. Denver, chini ya Murray Armstrong ambaye mwenyewe alikuwa Mkanada, iliona kuwa mchezaji hodari ni mchezaji hodari azaliwapo popote. Mwaka 1958 Minnesota, Michigan, Michigan State na Michigan Tech zilijitoa katika ligi ya magharibi, ligi ikavunjika. Mwaka huohuo Denver ikawa bingwa wa taifa, na mashindano yalikuwa Minneapolis, nyumbani kwa Mariucci. Ligi iliundwa upya mwaka 1959 kwa jina la WCHA. Katika mzozo kama huo kila gazeti la mji lilikuwa na chuo chake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mhariri aliyekula na kulala katika mji wa timu fulani hawezi kuivuta ngozi upande wa mji wa pili.

Hapa lazima tutenganishe miji mikubwa na miji midogo, kwa maana malalamiko yao hayafanani. Boston ina vyuo vinne vyenye hoki ya sifa: Harvard, Boston University, Boston College na Northeastern. Tangu Desemba 1952 vinashindania kombe liitwalo Beanpot, na kwa miaka mingi sasa michezo yake imekuwa Jumatatu mbili za kwanza za Februari. Jumatatu hizo mji mzima huwatazama wanafunzi. Lakini Boston pia ina timu ya kulipwa ya Bruins tangu mwaka 1924, na timu nyingine za kulipwa za michezo mingine. Mshabiki wa chuo hapati ila mabaki ya meza. Ana mchezo mzuri, ana historia ndefu, ana jumba lililojaa, na asubuhi akifungua gazeti anaukuta ushindi wake chini ya ukurasa wa sita, karibu na bei za magari.

Katika mji mdogo mambo ni kinyume. Houghton, kaskazini kabisa ya Michigan, ni mji wa machimbo ya zamani ya shaba, ambako theluji huanguka kwa miezi mingi. Chuo cha Michigan Tech kilichopo hapo kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1962, 1965 na 1975, na gazeti la Daily Mining Gazette limeandika habari za timu hiyo kama magazeti ya mijini yaandikavyo habari za bunge. Grand Forks, katika North Dakota, nayo ni hivyo. Huko gazeti la Grand Forks Herald haliulizi kama hoki ya chuo inastahili ukurasa. Huuliza ni kurasa ngapi. Mshabiki wa mji mdogo hana njaa ya kutajwa nyumbani. Njaa yake ni kutajwa nje, na watu wasiolazimika kumtaja.

Mwaka 1997 mji huo wa Grand Forks ulitoa somo ambalo wenye kudharau habari za michezo wangefaa kulisoma. Mwezi wa Machi timu ya North Dakota iliifunga Boston University mabao 6 kwa 4 ikawa bingwa wa taifa. Wiki chache baadaye, mwezi wa Aprili, mto Red ulifurika, watu wakahamishwa, na moto ukazuka katikati ya mji uliojaa maji. Jengo la Herald liliungua. Gazeti halikukosa kutoka. Lilipigwa chapa katika mji mwingine likaletwa kwa watu waliotawanyika, na mwaka 1998 likapewa tuzo ya Pulitzer kwa utumishi wake. Mkono uliohesabu mabao katika Machi ndio uliohesabu nyumba zilizopotea katika Aprili. Gazeti la mji ni daftari moja. Furaha na msiba huandikwa katika kurasa zake kwa wino uleule. Mji ukilipoteza, haupotezi matokeo ya michezo peke yake.

Nchi nzima ilipata kuinua macho na kuwatazama wanafunzi hawa mara moja tu kwa ukamilifu. Tarehe 22 Februari 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Lake Placid, timu ya Marekani iliifunga timu ya Urusi ya Kisovieti, iliyokuwa imetwaa dhahabu mara nne mfululizo, mabao 4 kwa 3. Wachezaji wote 20 wa Marekani walikuwa wamelelewa katika hoki ya vyuo. Tisa walitoka Minnesota, ambako mwalimu wao Herb Brooks alikuwa ametwaa ubingwa mwaka 1974, 1976 na 1979. Wanne walitoka Boston University. Timu za vyuo hivi viwili zilikuwa zimepigana ngumi mjini Denver katika nusu fainali ya mwaka 1976. Mashariki na magharibi zilizokuwa zikishutumiana magazetini kwa miaka thelathini zilivaa sasa fulana moja.

Hata siku hiyo, vyombo vya habari vilichelewa. Mchezo ulianza saa kumi na moja jioni kwa saa za New York, na televisheni ya ABC iliuonyesha saa mbili usiku, ulipokuwa umekwisha. Mmoja wa waliotangaza alikuwa Ken Dryden, aliyekuwa mlinda lango wa Cornell timu hiyo ilipotwaa ubingwa wa mwaka 1967. Gazeti la Sports Illustrated lilitoa picha ya wachezaji wakikumbatiana pasipo neno hata moja la maelezo juu ya jalada. Washabiki wa hoki ya vyuo, waliokuwa wakidai maneno miaka yote, waliona kuwa siku dunia ilipowaona kweli haikuhitaji maneno. Walidhani kuwa kuanzia siku hiyo hawatasahauliwa tena. Majira ya baridi yaliyofuata, kurasa zilirudi kama zilivyokuwa.

Sasa tumpe mhariri haki ya kujitetea, kwa sababu kesi ya upande mmoja haina hukumu. Mhariri angesema hivi: vyuo vinavyocheza hoki ya wanaume katika daraja la kwanza ni zaidi kidogo ya 60, na vingi viko katika majimbo ya baridi; vyuo vinavyocheza mpira wa kikapu katika daraja hilo ni zaidi ya 350, katika kila jimbo. Gazeti huuzwa kwa wasomaji waliopo. Tena angeongeza kuwa washabiki hawataki habari, wanataka sifa. Mwandishi akiisifu timu yao ni mjuzi; akitaja kosa lao amenunuliwa. Maneno haya yana kweli ndani yake, na mshabiki mwaminifu hawezi kuyakana yote.

Lakini washabiki wa hoki walifanya jambo moja linalowaheshimu. Katika mpira wa Kimarekani, kura za waandishi na walimu zilitumika kwa miaka mingi kumtaja bingwa. Katika hoki, kura kama hizo zipo, lakini hazikupewa nguvu ya kumwingiza mtu katika mashindano. Kwa miaka mingi nafasi zilitolewa kwa hesabu iliyojulikana wazi, ambayo washabiki waliifahamu kwa jina la PairWise: kila timu ililinganishwa na nyingine moja moja, kwa kupima ushindi wake, nguvu ya wapinzani wake, na matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. Mshabiki mwenye kalamu na karatasi aliweza kujua kabla ya kamati nani ataitwa. Hakuhitaji kumbembeleza mwandishi wa mji mkubwa. Hesabu haikukomesha ubishi, maana watu walibishana juu ya hesabu yenyewe. Lakini upendeleo wa dirisha ulipungua nguvu, na timu ya mji wa theluji ilipimwa kwa kipimo kilekile cha timu ya Boston.

Kilichobaki kutamaniwa kilikuwa televisheni, nayo ilikuja. Hapa ndipo historia hii inapokuwa chungu. Katika Agosti 2007 umoja wa vyuo vikubwa uitwao Big Ten ulifungua televisheni yake wenyewe, na televisheni ina tumbo lisiloshiba: yahitaji michezo ya kuonyesha kila usiku. Vyuo vitano vya umoja huo vilikuwa na hoki, lakini vilicheza katika ligi za jirani zao: Minnesota na Wisconsin katika WCHA, Michigan, Michigan State na Ohio State katika ligi ya CCHA. Mwaka 2010 tajiri mmoja, Terry Pegula, alitoa dola milioni 88 kwa Penn State ili chuo hicho kijenge jumba na kuanzisha timu. Sasa walikuwa sita, idadi ya kutosha ligi. Katika Machi 2011 Big Ten ilitangaza ligi yake ya hoki, na michezo ikaanza mwaka 2013.

Nyumba ya zamani iliporomoka. North Dakota, Denver, Colorado College, Minnesota Duluth na wengine, walipoona wakubwa wanaondoka, waliunda ligi yao mpya mwaka huohuo wa 2011, nao wakatafuta televisheni yao. CCHA ya zamani ilikufa mwaka 2013. Waliobaki, wengi wao vyuo vya miji midogo, walijikusanya chini ya jina la WCHA kama ndugu wanaogawana kiambo baada ya wakubwa kuhama. Minnesota na North Dakota, waliokuwa wakichukiana kwa mapenzi kila mwaka, walitengana ligi. Walikutana Aprili 2014 katika nusu fainali ya taifa, Minnesota ikashinda mabao 2 kwa 1 kwa bao lililoingia zikiwa zimesalia sehemu sita za kumi za sekunde. Watu waliushangilia mchezo huo kama watu wanavyoshangilia kumwona jamaa aliyehama. Zamani lilikuwa jambo la kila mwaka.

Mwaka 2021 vyuo saba vilijitoa katika WCHA ya wanaume vikafufua jina la CCHA, na ligi ya wanaume iliyoanza tangu mwaka 1951 ikazimika. Vyuo viwili vya Alaska na kile cha Huntsville, Alabama, viliachwa nje bila ligi. Huntsville ilisimamisha hoki yake mwaka huohuo, ijapokuwa mwaka uliotangulia wapenzi wake walikuwa wamechanga fedha kuiokoa. Anchorage nayo ilifutiwa timu, ikaambiwa ikusanye dola milioni 3. Washabiki na wahitimu walizikusanya, na timu ikarudi barafuni katika msimu wa 2022. Sitasema kuwa televisheni peke yake ilitenda haya. Gharama za safari zilikuwako, na upungufu wa fedha za majimbo ulikuwako. Nasema tu kuwa watu waliolia kwa miaka sitini wakitaka kutazamwa walipata walichokiomba, na jicho lililokuja kuwatazama lilikuja na masharti yake. Lilichagua wakubwa, kama waandishi wa zamani walivyomchagua Baker, na wale waliompasia kisahani wakaachwa gizani kwa mara ya pili.

Wako pia ambao hawajafikiwa bado na zamu yao. Hoki ya wanawake ya vyuo ilipata mashindano yake ya kitaifa ya NCAA mwaka 2001, miaka 53 baada ya wanaume. Minnesota Duluth ilikuwa bingwa wa kwanza. Katika msimu wa 2012 na 2013 timu ya wanawake ya Minnesota ilicheza michezo 41 ikashinda yote 41. Washabiki wa Cornell huisimulia kwa fahari timu yao ya mwaka 1970, iliyoshinda michezo 29 kati ya 29 chini ya mwalimu Ned Harkness, na wana haki. Lakini uliza katika mitaa ya miji hiyo ni wangapi wawezao kutaja ile ya 41. Mashindano ya wanaume yamekuwa na timu 16 tangu mwaka 2003. Ya wanawake yalikuwa na 8 yakapata 11 mwaka 2022. Mshabiki wa timu ya wanaume anayemlaumu mhariri kwa kumwacha ukurasa wa sita ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe hajainua gazeti mbele ya uso wake dada zake walipoingia uwanjani.

Na tusidhani kuwa kutajwa sana ni kutajwa kwa kweli. Tarehe 11 Desemba 2010 timu za Michigan na Michigan State zilicheza juu ya barafu iliyotandazwa katika uwanja mkubwa wa mpira wa Michigan. Siku hiyo ilitangazwa kuwa watazamaji walikuwa 113,411. Watunzaji wa rekodi wa Guinness walipohesabu kwa taratibu zao walithibitisha 104,173. Hata hesabu ndogo ilikuwa ajabu ya dunia, haikuhitaji kuongezwa. Lakini watu waliozoea kunyimwa hushawishika kujipimia kwa kibaba kilichojaa mpaka kumwagika. Kilio cha haki na tamaa ya sifa huishi katika nyumba moja, na mara nyingi huvaliana nguo.

Historia hii yatuonyesha nini? Yatuonyesha kwamba washabiki walikuwa na haki katika dai lao, wakakosea mahali pa kulipeleka. Walidhani heshima ya mchezo wao imefungwa katika sanduku la mhariri wa mji mkubwa, na baadaye katika sanduku la televisheni. Kumbe sehemu bora ya kumbukumbu yao ilikuwa imetunzwa muda wote na mikono ya karibu: gazeti la machimbo la Houghton, gazeti lililotoka katikati ya maji na moto wa Grand Forks, magazeti ya wanafunzi yaliyoandikwa na vijana wasiolipwa kitu, na wale wenye kalamu na karatasi waliopiga hesabu ya haki. Mgeni mkubwa hutazama akipenda, huondoka akichoka. Jirani huandika kwa sababu jambo ni lake.

Tumalizie pale tulipoanzia, katika jumba la Ithaca. Mchezo ukiisha na taa zikipunguzwa, wafagiaji huokota madonge ya magazeti chini ya viti. Katika karatasi hizo zilizokunjwa mna habari ya mchezo wa wiki iliyopita, imeandikwa na mwanafunzi aliyekesha kwa ajili yake. Mwenye hekima angekunjua donge moja, akalinyoosha juu ya goti lake, akalisoma kabla halijatupwa. Kisha akaweka nakala yake mahali pakavu.